Somo la kwanza ni kuanguka

Jamani, nimekuwa kimya karibu wiki tatu. Aliyepita chuo ataelewa: test mbili, semina moja ya kuwasilisha, na boom halijatoka. Tunaishi kwa chai na chapati za kukopa. Lakini leo nina jambo la kuandika, na wala halihusu lekcha, ingawa limenikalisha maktaba kuliko lekcha yoyote ya muhula huu.

Jumapili usiku mdogo wangu alinitumia video kutoka nyumbani. Vijana wa Mukono, Uganda, wanapigana mieleka kwenye ulingo wa matope. Nguzo za miti, kamba zimezungushwa, chini tope tupu. Mmoja ananyanyuliwa, anageuzwa hewani, anatua chali, pwaa! Tope linaruka, watu wanapiga kelele, jamaa anainuka na kuendelea. Chini ya video mdogo wangu kaandika: "Shikamoo kaka. Nataka kwenda huko kujifunza. Boom likitoka naomba unisaidie nauli tu, mengine nitajua hukohuko."

Nilisoma mara tatu, nikazima simu. Sikujibu kwa sababu ya bega.

Mwaka 2013 mimi nilikuwa na miaka kumi, yeye saba. Mieleka ya Wamarekani tulikuwa tunaiona kwenye banda umiza la jirani, kila mtoto na sarafu yake mkononi. Siku hiyo tulitoa godoro la mama uani. Mimi nilikuwa Undertaker, yeye Rey Mysterio, maana mdogo siku zote ndiye Mysterio. Nikamnyanyua juu kama nilivyoona kwenye tivii, nikambwaga. Godoro likaishia kabla yake. Mfupa wa mtulinga ukavunjika, na sauti yake bado naikumbuka. Mama aliuza kuku wote na vitenge viwili ili atibiwe. Mpaka leo mvua ikinyesha utamwona mdogo wangu ameshika bega.

Sasa mtu huyohuyo anataka nauli ya kwenda kurushwa tena, na anayeombwa ni mimi niliyemrusha.

Nilimsimulia mwenzangu wa chumbani, jamaa wa uhandisi. Akacheka: "Si ile mieleka ya uongo? Wanajua kabla nani atashinda. Mwambie dogo akasome veta." Nikataka kumjibu lakini sikuwa na jibu. Hivi kama mshindi anapangwa, shule ya nini? Wanafundishana nini huko? Mimi ni mtu wa historia, nikaona kabla sijamjibu mdogo wangu niende nikasome. Haya niliyoyapata nawaandikia, mtanivumilia kwa urefu.

Mieleka ya kulipwa ya Marekani ilikulia kwenye maonesho ya kuhamahama, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Hema linasimamishwa kijijini, ndani kuna mpiganaji, nje kuna mpiga debe anatangaza: atakayedumu naye dakika kadhaa bila kushindwa anapata pesa. Kijana wa shamba mwenye misuli anaingia, anatoka amepindishwa mkono. Wapiganaji wa mahema walikuwa wanajua mieleka ya kweli, ile ya kukunja kiungo mpaka mtu aombe. Lakini walijua pia kuigiza, kwa sababu pambano la kweli la watu wawili wanaojua kazi linaweza kuchukua saa nzima wamelaliana tu, na mtazamaji anaenda zake nyumbani.

Mwalimu mkubwa wa enzi hizo alikuwa Martin Burns wa Iowa, waliyemwita Farmer, yaani mkulima. Huyu ndiye aliyemfundisha Frank Gotch, bingwa aliyemshinda George Hackenschmidt mwaka 1908 na tena mwaka 1911 huko Chicago mbele ya umati mkubwa uwanjani. Mwaka 1914 Burns alianza kuuza masomo ya mieleka kwa njia ya posta! Nilicheka peke yangu pale maktaba. Babu zetu walisoma Kiingereza na uhasibu kwa posta, kumbe kuna watu walisoma kabali kwa posta. Burns alijenga shingo yake mpaka inasimuliwa alikuwa anaweza kuning'inizwa kwa kitanzi huku anapiga mluzi.

Lakini masomo ya posta hayakukufundisha siri yenyewe, kwamba mshindi anapangwa. Miaka ya 1920 watu watatu, bingwa Ed "Strangler" Lewis, meneja wake Billy Sandow na fundi wa maonesho Toots Mondt, walikamilisha mfumo wa kuuza mieleka kama maonesho: miondoko ya haraka, mapambano ya muda maalumu, hadithi inayoendelea mji hadi mji. Kuanzia hapo biashara yote ilisimama juu ya siri. Wenyewe wana neno lao, keifebu, maana yake huvunji maigizo mbele ya mtu wa nje. Adui wa ulingoni hupandi naye gari moja, hata kama ni ndugu yako wa damu.

Sasa fikiria, kama biashara yako ni siri, utamfundishaje mwanafunzi? Kila anayegonga mlango ni mtu anayeweza kwenda kusema. Jibu lao lilikuwa rahisi na baya: muumize kwanza. Akirudi, ndiye. Asiporudi, atawaambia watu kwamba mieleka ni ya kweli, maana yeye mwenyewe ameonja.

Hulk Hogan, ambaye jina lake halisi ni Terry Bollea na alifariki Julai 2025, alisimulia mwenyewe kwamba miaka ya sabini alikwenda kwa Hiro Matsuda pale Tampa, Florida, kuomba afundishwe. Siku ya kwanza Matsuda alimchosha kwa mazoezi mpaka akakaribia kuzimia, kisha akamvunja mguu. Kijana akaenda nyumbani, mguu ukapona, akarudi. Ndipo wakaanza kumfundisha.

Kule Calgary, Kanada, Stu Hart alikuwa na chumba chini ya nyumba yake, wenyewe wakikiita Dungeon, kama gereza la chini ya ardhi. Kijana anashuka ngazi akiwa na tamaa ya kuwa nyota, Stu anamkunja, na waliokuwa juu walisikia mayowe. Stu na mkewe walikuwa na watoto 12. Wavulana wote 8 waliingia kwenye mieleka, mabinti wote 4 waliolewa na wanamieleka. Kumbuka jina la mtoto wa mwisho, Owen, nitamrudia.

Kwa wanawake mlango ulikuwa mmoja kwa miaka mingi: Lillian Ellison, maarufu kama Fabulous Moolah, pale Columbia, South Carolina. Alifundisha, akawapangishia wanafunzi wake nyumba katika eneo lake, akawatafutia mapambano, na akakata fungu lake kwenye kila malipo. Baada ya kifo chake mwaka 2007 malalamiko ya waliokuwa wanafunzi wake yalizidi kusikika, kwamba walinyonywa. Mwaka 2018 WWE ilipotangaza pambano kwa jina lake kelele zikawa nyingi, na jina likaondolewa. Mwalimu, mwenye nyumba, wakala na mkata fungu ni mtu yuleyule. Hapo mwanafunzi atakimbilia wapi?

Usidhani ni kila mahali walifanya hivyo. Wigan, mji wa wachimba makaa kule Uingereza, Billy Riley alikuwa na jumba la mazoezi lililoitwa Snake Pit. Palikuwa pagumu, lakini walikuwa wanafundisha. Mmoja wa waliopita pale ni Karl Gotch, mzaliwa wa Ubelgiji, ambaye baadaye alikwenda Japani, na Wajapani wakampa cheo cha mungu wa mieleka. Antonio Inoki alipoanzisha New Japan mwaka 1972, Gotch alikuwa miongoni mwa waliojenga mafunzo yake. Mpaka leo wanafunzi wa pale wanaitwa simba wachanga: chupi nyeusi, viatu vyeusi, hakuna mbwembwe. Squati mamia kwa siku. Wanalala bwenini, wanafagia, wanafua nguo za wakubwa, wanapika chanko, mchuzi mzito wenye nyama na mboga waliourithi kutoka kwa watu wa sumo. Ni kama jando na JKT vimewekwa chungu kimoja. Sisemi ni pepo, viboko navyo vilikuwepo. Ila pale kampuni inamlisha mwanafunzi, mwanafunzi anailipa kwa jasho. Weka hilo pembeni.

Sasa nirudi kwenye swali la mwenzangu: wanafundishana nini?

Somo la kwanza, kila shule niliyosoma habari zake, ni kuanguka. Unavuta kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini. Unatoa pumzi. Unatua kwa mgongo wa juu wote kwa pamoja, mikono inapiga chini kwa viganja, ili uzito usambae usikae sehemu moja. Ulingo wenyewe ni mbao juu ya vyuma, sponji nyembamba, turubai. Watu wanadhani ni godoro. Siyo godoro. Unaanguka mara moja, mara kumi, mara mia, mpaka mgongo unakuwa mwekundu, halafu kesho unarudia. Mshindi anapangwa, sawa, lakini dunia inavuta chini vilevile, haijui nani kapangiwa ushindi.

Somo la pili sikuwahi kulifikiria maishani. Anayerusha ndiye mwenye dhamana. Mwenzako akikubali umnyanyue amekukabidhi shingo yake, na kazi yako siyo kumuumiza, kazi yako ni kumfikisha chini salama huku watazamaji wakiamini umemuua. Mwili wake ni amana. Mwanamieleka mbaya siyo anayeshindwa, ni anayeumiza wenzake. Akijulikana hivyo hakuna anayetaka kupanda naye ulingoni.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikatoka nje kidogo kupunga upepo. Mnaelewa kwa nini.

Tuendelee. Miaka ya 1980 siri ilianza kuuzwa rejareja. Mwaka 1983 Larry Sharpe alifungua shule yake New Jersey, Monster Factory, ukilipa ada unafundishwa. Killer Kowalski naye akawa na shule Massachusetts, ndiko walikopita Triple H na Chyna. Wakati huohuo Vince McMahon, aliyenunua kampuni ya baba yake mwaka 1982, alikuwa anavunja mipaka. Kabla yake Marekani ilikuwa imegawanywa kama himaya za machifu, kila promota na eneo lake, na wengi wakiwa chini ya umoja wao wa NWA ulioanzishwa mwaka 1948. McMahon akaingia kila eneo kwa televisheni, akachukua nyota wa kila mtu, na tarehe 31 Machi 1985 akafanya WrestleMania ya kwanza pale Madison Square Garden. Himaya zikafa moja baada ya nyingine. Na kila iliyokufa iliondoka na sehemu ya kujifunzia, maana zamani kijana alikuwa anazunguka himaya hii miezi sita, ile mwaka, anaanguka kila usiku mbele ya watu tofauti. Hiyo ndiyo ilikuwa field yao.

Mwaka 1989 kampuni ya McMahon ilikwenda mbele ya baraza la seneti la jimbo la New Jersey, ikasema wazi kwamba mieleka ni burudani. Kwa nini wavunje siri ya miaka mingi hivyo? Kwa sababu mchezo unasimamiwa na kamisheni ya serikali, unalipiwa kodi na ada, burudani haibanwi hivyo. Siri iliyovunja mguu wa Hogan ikatupwa ili kubana matumizi. Kumbe ilikuwa na bei tangu mwanzo.

Kuna mmoja nimempenda sana kwa sababu alikuwa mwanachuo kama sisi. Mick Foley alikuwa anasoma chuo Cortland, jimbo la New York, miaka ya themanini. Wikiendi wenzake wakienda kwenye starehe, yeye anaendesha gari saa nyingi mpaka mji mdogo wa Freedom, Pennsylvania, kwa mwalimu mmoja mzaliwa wa Italia, Dominic DeNucci. Anafundishwa kuanguka, usiku analala ndani ya gari, Jumatatu yuko lekcha. Tarehe 28 Juni 1998, pale Pittsburgh, huyu Foley alirushwa na Undertaker kutoka juu ya kizimba, kama meta 5, akatua kwenye meza ya watangazaji. Akarudi juu, akapigwa mwereka juu ya paa la kizimba, paa likakatika, akaanguka tena mpaka ulingoni. Lile la pili halikupangwa. Alipoteza fahamu, na jino lake lilikutwa puani. Aliinuka akamaliza pambano.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 23 Mei 1999, Kansas City. Owen Hart, yule mtoto wa mwisho wa Stu, mtu aliyekulia juu ya Dungeon lenyewe, alikuwa anashushwa kutoka darini kwa kamba ili aingie ulingoni kwa mbwembwe. Kifungio kikaachia. Alianguka zaidi ya meta 20, akafa. Alikuwa na miaka 34. Maonesho yaliendelea usiku uleule. Familia ilishtaki, na mwaka 2000 wakamalizana kwa dola milioni 18.

Nimefikiria sana kuhusu Owen wiki hii. Hakuna mtu nyumba ile aliyekuwa hajui kuanguka. Lakini siku ile hakurushwa na mwanamieleka mwenzake mwenye dhamana ya shingo yake. Aliyemshikilia alikuwa ni onesho.

Na hapa ndipo nilipoona historia yote hii imekaa wapi. Ulingoni sheria ni moja: aliyekunyanyua anawajibika. Nje ya ulingo biashara yenyewe ilikataa sheria hiyo tangu siku za mahema. Inakunyanyua, inakuonesha kwa watu, halafu ukianguka ni juu yako.

Kwa mikataba ya kampuni kubwa wanamieleka siyo waajiriwa, wanahesabiwa kama wakandarasi wa kujitegemea. Unaambiwa uvae nini, useme nini, ushindwe lini, lakini ni mkandarasi, kama fundi aliyekuja kuziba bomba. Mwaka 1986 Jesse Ventura, ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa Minnesota, aliwaambia wenzake waunde chama cha wafanyakazi. Hakikuundwa. Ventura amesimulia kwamba miaka baadaye, kwenye kesi yake na kampuni, ndipo alipojua aliyepeleka habari kwa bosi: Hogan. Wana DARUSO mnajua mambo haya, mgomo unajadiliwa usiku, asubuhi utawala una majina.

Mwaka 2001 McMahon alimnunua mpinzani wake mkubwa WCW mwezi Machi, na kampuni ya tatu, ECW, ikafilisika mwaka huohuo. Soko likawa na mnunuzi mmoja. Kijana anayetaka kazi alipaswa kupendwa na ofisi moja tu. Kambi ya kulelea vipaji ilikuwa Louisville, Kentucky, iliyoitwa Ohio Valley Wrestling, na kwa kweli ilitoa watu: John Cena, Batista, Brock Lesnar na Randy Orton walipita pale karibu kipindi kimoja. Mwaka 2007 likatokea la Chris Benoit, aliyeua mkewe na mtoto wake kisha akajiua. Ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa umeharibika vibaya. Aliyesukuma uchunguzi ule ni Chris Nowinski, msomi wa Harvard aliyejifunza kwa Kowalski, naye mwenyewe aliacha mieleka kwa sababu ya kugongwa kichwa. Baada ya hapo kumpiga mtu kiti cha kichwani kulipigwa marufuku, na vipimo vya kichwa vikaanza kuchukuliwa kwa uzito.

Julai 2013, mwaka uleule nilipomvunja mdogo wangu bega, WWE ilifungua kituo chake cha mafunzo Orlando, Florida. Ulingo 7 chini ya paa moja, madaktari, mazoezi ya viungo, chumba cha kujifunza kuongea mbele ya kamera. Na tofauti na shule za ada, huku mwanafunzi analipwa. Wengi hawatoki kwenye mieleka kabisa, wanachukuliwa vyuoni: warusha tufe, wacheza mpira wa Kimarekani. Oba Femi ni Mnigeria aliyekuwa anarusha tufe Chuo Kikuu cha Alabama, akasajiliwa kwenye mpango wa wanamichezo wa vyuo ulioanza Desemba 2021, na Januari 2025 alishika ubingwa wa NXT. Kwa mwanafunzi, hiki ni kizazi chenye bahati kuliko vyote vilivyotangulia. Lazima niseme hivyo, nisije nikaonekana natafuta ubaya tu.

Na pesa? Haijawahi kuwa kubwa hivi. AEW ilianza mwaka 2019, kwa hiyo mnunuzi siyo mmoja tena. WWE iliunganishwa na UFC Septemba 2023 ikawa TKO, na Januari 2025 kipindi chake cha Raw kilihamia Netflix kwa mkataba wa miaka 10 unaozidi dola bilioni 5. Lakini mwanamieleka bado ni mkandarasi. Jeraha la ulingoni kampuni inalitibu, bima ya afya yake mwenyewe anajitafutia. Na wale wa ngazi ya chini, wanaozunguka kumbi ndogo wikiendi, wanalipa ada ya shule, wanalipa mafuta ya gari, na malipo ya usiku mmoja mara nyingi hayarudishi hata hayo mafuta.

Sasa sisi huku tumeingiaje? Tumeingia kwa mlango wa ajabu. Mwaka 1982 kule Memphis, promota Jerry Jarrett na mwanamieleka Jerry Lawler walimchukua dereva wa lori kutoka Mississippi, James Harris, wakampaka rangi usoni, wakampa mkuki na ngao, wakamwita Kamala, Jitu la Uganda. Haruhusiwi kuongea, kazi yake kunguruma na kujipiga tumbo. Katika hadithi zao alisemwa amewahi kuwa mlinzi wa Idi Amin. Sisi ambao baba zetu walikwenda vita vya Kagera tunasoma hilo tunabaki mdomo wazi. Harris alipigana na wakubwa wote, Hogan, Andre the Giant, Undertaker. Baadaye alilalamika hadharani kwamba alilipwa kidogo mno kuliko wenzake. Kisukari kikamkata mguu mmoja mwaka 2011, wa pili mwaka 2012. Alifariki Agosti 2020 kwa korona. Miaka yote ile dunia ilimjua Mganda mmoja tu wa mieleka, naye hakuwa Mganda.

Ndiyo maana video ile ya Mukono niliirudia mara nyingi. Soft Ground Wrestling ilianza mwaka 2023, mwanzilishi wake ni Daniel Bumba, wanamwita Bumbash, mtu aliyewahi kutangaza mieleka ya Wamarekani kwa Kiluganda. Hawakuwa na ulingo wa mbao na turubai, wakalainisha ardhi. Sasa Waganda wa kweli, wavulana kwa wasichana, wanafundishana kuanguka, na dunia nzima inawatazama kwenye simu. Hakuna mkuki wala kunguruma. Ukiangalia vizuri, kijana anayemrusha mwenzake anambeba mpaka chini, mkono mmoja uko nyuma ya kisogo. Mara ya kwanza sikuuona ule mkono. Baada ya wiki maktaba ndiyo kitu pekee ninachokiona.

Jana usiku nilimpigia mdogo wangu. Nilikuwa nimejiandaa kama naenda kutetea tasnifu. Nikamwambia habari za Matsuda, za Moolah, za wakandarasi, za Owen. Alinisikiliza mpaka mwisho, "ndiyo kaka, ndiyo kaka." Nikamuuliza: "Sasa wewe ukianguka vibaya kule, nani atalipa?"

Akanyamaza kidogo. "Na siku ile ya godoro alilipa nani?"

"Mama."

"Basi na mimi ndilo ninaloliogopa, kaka, siyo kuanguka. Ndiyo maana nimekuomba wewe, sijamwambia mama."

Nikakosa la kusema. Nikajifanya mwalimu, nikamwambia basi aanze nyumbani na godoro: kidevu kifuani, pumzi nje, viganja vipige chini. Akacheka sana. "Kaka, kuanguka nilijua tangu siku ile. Nilivuta kidevu, ndiyo maana limevunjika bega siyo shingo. Wewe ndiye ulikuwa hujui kurusha."

Kweli kabisa. Miaka yote hii nimekuwa nikisimulia kama ajali ya godoro fupi.

Nauli sijampa, boom lenyewe halijatoka. Ila tumekubaliana mambo mawili. Kwanza atawaandikia wale watu wa Mukono aulize waziwazi: mwanafunzi analala wapi, anakula nini, anakatwa nini, akiumia inakuwaje. Wakijibu, nitakuwa nimepata nusu ya jibu langu, na wasipojibu nitakuwa nimelipata lote. Pili, kabla hajapanda basi lolote, mama ataambiwa, na atakayemwambia ni mimi, pamoja na ile habari ya nani alikuwa hajui kurusha.

Haya, ngoja niishie hapa. Semina ni saa mbili asubuhi Yombo na sijagusa hata reading ya kwanza. Mwenye habari za boom anishtue.